Mwili Ulivyomsengenya Makandi

Makandi hakuwa mwanamke wa kuketi. Ukipita kwake asubuhi, pale juu ya Githongo, huko Meru, utamkuta kwenye kahawa. Ukirudi saa sita yuko kwa ng'ombe. Jioni yuko jikoni anakula amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayengojwa mahali. Wanawake wa kanisa walimtania, wakasema Mungu alipomuumba alisahau kumwekea makalio. Akawajibu kwamba makalio anayo, ila hajapata nafasi ya kuyatumia.

Kazi haikumtisha. Kilichompata kilimjia kwa upande mwingine, upande ambao hakuna mtu aliyemfundisha kuulinda.

Mume wake, Murungi, alipigwa na kiharusi akiwa shambani, akaanguka katikati ya mistari ya kahawa. Akalala kitandani miaka minne. Upande wa kuume ulikufa wote, ulimi ukawa mzito, na koo likasahau kazi yake. Hilo la koo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana hata mate yake mwenyewe yalimpalia. Makandi alimlisha uji kijiko kimoja kimoja, anangoja koo lisogee ndipo ampe kingine. Akilala, sikio moja liko macho. Akisikia kikohozi anaruka, anamwinua, anampiga mgongoni. Mwana wao wa pekee, Mwiti, alikuwa mwalimu huko Embu, na kila alipotaka kuleta mtu wa kumsaidia, mama yake alimwambia mume ni wake, si wa kijiji.

Murungi alikufa mchana, jua likiwaka, kijiko cha uji kikiwa kinywani. Alipaliwa. Makandi alimwinua, akampiga mgongoni, akamtia kidole kooni, akaita watu, lakini majirani wote walikuwa wamepeleka kahawa kiwandani. Ilipokwisha, alimfuta uji kidevuni, akamvalisha shati safi, ndipo akapiga simu. Watu walipofika aliwaambia mzee ameenda polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Habari ya uji hakumwambia mtu.

Kwenye mazishi hakulia. Alipanga viti, akaonja mchuzi wa wageni, akamkemea aliyechota maji kwa sufuria yenye masizi. Siku ya nne baada ya mazishi kahawa ilikuwa imeiva, inaanguka chini, naye akafunga leso kiunoni akaingia shambani. Watu wakasema, huyo ndiye mwanamke. Akafurahia sifa hiyo. Sifa kama hiyo ni tamu, na mtu akishapewa anaona aibu kuirudisha.

Lakini mwili una hesabu zake. Asubuhi Makandi alianza kuamka meno yameumana mpaka taya zinauma, ngumi zimefungwa kama alikuwa anapigana na mtu usingizini. Shingo ikawa ngumu kama mti. Tumbo likakataa maharagwe, yeye aliyelelewa kwa maharagwe. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni moyo unaruka, na unakaa huko juu kwa muda mrefu kabla ya kurudi. Wakati mwingine anavuta pumzi na pumzi inafika kifuani inasimama, haitaki kushuka. Akalaumu dawa ya kupulizia kahawa. Akalaumu uzee. Majani ya chai akayaongeza, apate nguvu, na kumbe ni kama kumwongezea kuni mtu anayelia moshi.

Mwaka ulikuwa haujaisha tangu mazishi Mwiti alipoleta habari kwamba amepata msichana. Anaitwa Ruguru, fundi wa nguo, wazazi wake wanakaa upande wa Runyenjes, hukohuko Embu. Kuna watu Githongo waliotaka kusikia Makandi akikataa, kwamba huyo si wa kwetu, huyo ni Mwembu. Makandi akawaambia mlima ni mmoja, kila mtu ameushika kwa upande wake. Alishona nguo mpya. Alinunua blanketi la kumpelekea mama wa msichana na akalibadilisha mara mbili kwa sababu ya rangi. Usiku wa kuamkia safari ya kwenda kuposa hakulala, na asubuhi hakula, maana tumbo lilikuwa limejifunga.

Walienda kwa pikapu ya shemeji yake, Mutwiri, ndugu ya marehemu, ambaye ndiye alikuwa msemaji. Kabla ya kushuka Mutwiri akawapa maonyo. Watu hawa wanachunguza, akasema. Wanaangalia kama ukoo una kifafa, una wazimu, una kifua kibaya. Mtu asikohoe mle ndani. Wakisikia kuna ugonjwa unaotembea kwenye ukoo, msichana hatutampata.

Sebule ya akina Ruguru ilikuwa imejaa. Makochi yalikuwa yamesukumwa yakagusana, vitambaa vyeupe juu yake, wazee wameketi mpaka mlangoni, na dirisha moja limefungwa kwa ajili ya vumbi. Makandi aliwekwa kati, mahali pa heshima, pale ambapo mtu hawezi kutoka bila kukanyaga magoti ya watu sita.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Kabla ya maneno yoyote msichana anamimina uji wa wimbi uliochacha kwenye kibuyu kilichokatwa, anampelekea mama wa mvulana kwa mikono miwili. Mama akimeza funda la kwanza, amesema nimemkubali huyu awe mtoto wangu, na wengine wote wanakunywa. Akikitua bila kuonja, naye amesema. Hakuna anayeuliza mara mbili.

Ruguru akaja, amepiga goti kidogo, uso unang'aa. Makandi akapokea kibuyu. Alikuwa anatabasamu, hilo wote waliliona. Akakiinua, na harufu ya uji ikamfikia.

Moyo ukaondoka. Haukupiga haraka, uliondoka mbio kama ng'ombe aliyekata kamba. Vidole vikaanza kuwashwa kisha vikafa ganzi, na midomo nayo ikafa. Masikioni kukawa na mvumo kama wa maji ya mto. Sebule ikasogea mbali, sauti za watu zikawa za watu walio ng'ambo, na koo likajifunga kama mfuko uliovutwa uzi. Akajua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba akimeza funda moja atapaliwa na atakufa hapo, mbele ya wakwe, mikononi mwa msichana huyu.

Akakitua kibuyu juu ya meza. Akasimama, akakanyaga magoti ya wazee, akatoka nje. Akapita zizi la ng'ombe, akaingia migombani, akashika mgomba kwa mikono miwili, ameinama, mate yanamtoka, anavuta hewa ambayo haitoshi.

Ilipita. Labda ni dakika kumi, labda ni kumi na tano. Alipojifuta uso na kurudi, nyumba yote ilikuwa kimya. Ruguru hakuwepo tena pale. Kibuyu kilikuwa palepale mezani. Mutwiri alimwuliza kwa Kimeru, sauti ya chini, kama amekataa uji. Mahali hapo ndipo Makandi angesema. Neno moja tu, nimeugua. Lakini alitazama wale wazee wa Embu wanaomkagua tangu kichwani hadi miguuni, akakumbuka kifafa, akakumbuka wazimu, akaona Mwiti amekaa kwenye ncha ya kiti na shati lake jipya. Akasema, "Twendeni nyumbani." Akaona ni heri wamwite mkali kuliko waseme ukoo wa kijana una ugonjwa.



Mwiti alikuja Githongo Jumamosi iliyofuata. Kwake yeye, ndani ya nyumba yao, mama alisema kidogo, kwamba alishikwa na moyo. Mwiti alisikia hivyo akasahau hasira yote, akamchukua siku hiyohiyo hadi hospitali kubwa Meru mjini. Wakampima presha. Wakamtoa damu. Wakambandika waya kifuani, mashine ikaandika milima na mabonde kwenye karatasi. Daktari mmoja kijana, mwenye foleni ndefu mlangoni, akaitazama karatasi akasema moyo ni mzuri kuliko wa kwake. "Mama, huna kitu," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Alisema kweli, na alidhani ni habari njema. Lakini Mwiti aligeuka akamtazama mama yake, na macho yale Makandi hakuyasahau. Yalikuwa macho ya mtu aliyemkamata mwizi, na mwizi ni mzazi wake.

"Ungeniambia tu humtaki," Mwiti alisema wakiwa kwenye korido. "Kwa nini unisumbue na moyo?"

Makandi akazikunja karatasi za daktari. Mashine imeshasema. Mwili wake mwenyewe umemsengenya mbele ya wakwe, na walipoitwa mashahidi hospitalini, mwili huohuo ukanyamaza ukajifanya haujui kitu. Akafunga leso yake vizuri, akasema anataka kwenda nyumbani kukamua ng'ombe.

Mutwiri alirudi Runyenjes peke yake na asali na maneno ya kuomba msamaha, akaunywa uji ule kwa niaba ya ukoo. Arusi ikafanywa kanisani, mwezi wa Disemba. Makandi alifika mpaka langoni. Akaona umati, akaona mlango ulivyo mwembamba, moyo ukaanza tena kukata kamba, naye akageuka akaondoka kabla hajaanguka mbele ya watu. Wale waliomwona wakasema mnaona, amekuja mpaka langoni ili aonekane akirudi.

Baada ya hapo maisha yake yalianza kupungua kama kitambaa kinachofuliwa vibaya. Kanisani aliketi kiti cha nyuma karibu na mlango, halafu akaacha kwenda. Chama cha wanawake akaacha, kwa sababu hapo kila mtu anapewa kikombe na kila mtu anatazamwa akinywa. Akila, alikula vitu vilivyopondwa, peke yake, na kila tonge alilifikiria. Na ubaya wa jambo hilo ni kwamba ukilikimbia leo, kesho linajua njia ya kwako vizuri zaidi. Alianza kuogopa kuogopa kwenyewe. Hakumwambia mtu. Mtu akimpigia simu kumuuliza hali, anasema yuko mzima kama chuma.

Mwezi wa tano alishikwa kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, debe la kahawa mgongoni. Hakuwa na mgomba wa kushika. Wakambeba hadi zahanati iliyo hapo chini, na kwa bahati tabibu aliyekuwa zamu alikuwa kijana wa Mbeere, upande wa Embu, jina lake Ndwiga, mtu wa maneno machache na viatu vilivyochakaa. Yeye alimkuta jambo likiwa bado moto.

"Mama, unasikia nini?"

"Nakufa."

"Utakufa siku yako, lakini leo siyo. Toa hewa nje. Kama unapuliza makaa ambayo hutaki yazimike na hutaki yarushe majivu. Polepole. Nje zaidi kuliko ndani."

Akapuliza naye, wawili wakapuliza makaa yasiyokuwepo, mpaka vidole vikarudi kuwa vidole. Ndwiga akapima presha, akasikiliza kifua, akaomba aone zile karatasi za Meru, ambazo Makandi alizikunja pamoja na kitambulisho na kutembea nazo, hajui ni kwa nini.

"Kwa hivyo si moyo," Makandi alisema, amekaza uso.

"Si moyo."

"Basi hata wewe unaniita mwongo."

"Sikusema hivyo. Si moyo, na si uongo."

Maneno hayo mawili alikuwa ameyangoja zaidi ya mwaka bila kujua anayangoja.

Ndwiga akamweleza bila haraka. Akamwuliza kama ana mbwa. Akasema mwili una mbwa wake, na mbwa huyo akiona hatari anaamsha nyumba yote. Kuna dawa ambayo mwili unajitengenezea wenyewe, ya kukimbia au kupigana, na ikimwagika ndani ya damu moyo unaenda mbio, kifua kinabana, tumbo linajifunga, pumzi inakuwa ya juujuu na ya haraka kuliko inavyohitajika. Hiyo pumzi ya haraka ndiyo inatia vidole ganzi na kufanya kichwa chepesi. Sasa mbwa akikaa macho miaka minne bila kuachwa alale, hatofautishi tena mwizi na jani la mgomba. Anabwekea kila kitu. Mbwa si mgonjwa, akasema, na kubweka kwake si mchezo. Amechoka tu, na hajaambiwa kazi imekwisha. Halafu akamwuliza linamjia zaidi wakati gani.

Makandi akataja foleni, akataja kanisa. Akataja kikombe. Kisha akasema, akiangalia ukuta, kwamba mume wake alikufa na uji wake kinywani, uji alioupika yeye, na kijiko alikishika yeye, na pengine siku hiyo aliharakisha kidogo kwa sababu kahawa ilikuwa inamngoja. Machozi hayakuja. Yalikuja makamasi tu, akapenga kwa leso, akapenga tena, na Ndwiga hakumharakisha, ingawa nje kulikuwa na watu.

Akaanza kumwendea kila wiki ya pili. Akapunguza majani ya chai. Akapuliza makaa yake asubuhi na jioni. Hakupona kama mtu anayepona kidonda, lakini alirudi kanisani, kiti cha nyuma.

Mwezi huo wa tano ulikuwa haujaisha alipomwomba Ndwiga amwandikie barua, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, maana shule yake iliishia darasa la tatu. Barua ilisema mama huyu anashikwa na hofu kali ya mwili inayotokana na mzigo wa muda mrefu na msiba, kwamba moyo kweli ni mzima, na kwamba mgonjwa wa hali hii hajifanyi. Makandi aliisoma kwa kidole, neno moja moja, siku tatu. Mpaka akaijua kwa moyo.

Na hapa ndipo alipokosea, na ni kosa lake, hakuna wa kumsaidia kulibeba. Barua ile aliiweka ndani ya Biblia. Mutwiri, shemeji yake, alikuwa akishuka Embu karibu kila mwezi na ndizi zake, na siku moja akamwambia Ruguru ana mimba. Akamwuliza kama hana neno la kutuma. Makandi akasema hana. Mwiti ndiye alimwita mwongo kwenye korido ya hospitali, watu wakisikia. Mtoto ndiye humwendea mzazi. Atakuja kuleta habari ya mimba ya mkewe, na akija atapewa barua aisome amesimama. Akangoja. Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaisha. Kila gari lililopunguza mwendo pale njiani alichungulia, kisha akajifanya anatafuta kuku.

Mimba ya kwanza ilikuwa na neno lake kubwa, kwao Meru na hata huko Embu. Akizaliwa msichana, jina ni la mama wa mume. Halijadiliwi. Makandi mwenyewe alipewa jina la mama wa baba yake, na huyo naye alilipata kwa mwingine aliyezikwa kabla ya wazungu. Yeye alikuwa na mtoto mmoja tu. Jina hilo halikuwa na njia nyingine ya kupita.

Mwezi wa nane Mutwiri akapiga simu kwamba Ruguru amejifungua, msichana, na kwamba kuzaa kulikuwa kugumu, lakini wote wako hai. Siku hiyo Makandi alikaa chini jikoni. Siku ya tisa alimwomba Mutwiri ampeleke. Alibeba ndizi, nduma, kuku wawili na barua ndani ya Biblia.

Walipofika kona za mto Thuci, gari likishuka na ukingo wa barabara uko karibu, mwili ukaanza. Akamwambia Mutwiri asimamishe gari. Akashuka, akaweka mikono juu ya boneti, akapuliza. Mutwiri alisimama kando yake, kofia mkononi, akaona midomo ilivyobadilika, akaona mikono inavyotetemeka na jasho likishuka shingoni siku ya baridi. Alisubiri hadi mwisho.

"Hiki ndicho kilikupata siku ile?" akauliza.

"Ndicho."

"Mwanamke, kwa nini hukusema?"

"Si wewe ulisema tusikohoe?"

Mutwiri akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Kisha akaendesha hadi Embu.

Mwiti alikuwa amepanga nyumba ndogo ya mawe nyuma ya shule anayofundisha. Aliyefungua mlango ni mama yake Ruguru, Ednah, aliyekuja kumwangalia mzazi. Wanawake wawili wakasalimiana kwa ncha za vidole. Ruguru alikuwa amelala kitandani, amepauka, mtoto ubavuni. Mwiti akatoka chumba cha ndani, akasema karibu mama, kama anavyosema mtu kwa mgeni wa mwenye nyumba.

Makandi hakuketi. Aliuliza mtoto anaendeleaje, ananyonya, analala? Kisha akauliza jina, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo analolijua.

Mwiti ndiye alijibu. "Ni Ednah. Tuliandikisha juzi."

Makandi akamtazama Ruguru, Ruguru akatazama blanketi.

"Mama, uliutua uji," Mwiti alisema. Hakupaza sauti. "Uligeuka langoni siku ya arusi. Mwaka na nusu hujampigia huyu simu hata siku moja. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto wake aitwe kwa mtu aliyemkataa?"

Makandi akatoa barua kwenye Biblia, akampa. Mwiti aliisoma, akairudia tangu mwanzo. Mama yake alikuwa amejiandalia maneno mengi kwa ajili ya saa hiyo, maneno makali, ya haki, na yote yakampotea. Yaliyotoka ni mengine.

"Niliogopa, mwanangu. Nilidhani nakufa. Ule uji ulikuwa kama wa baba yako siku ile alipopaliwa mikononi mwangu. Ningesema, wangesema ukoo wako una ugonjwa, ungekosa huyu msichana."

Ednah alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. "Nilikuona kwa migomba," akasema polepole. "Nilikuwa jikoni. Nilikuona umeinama, mate yanatoka. Nikadhani unaitemea mate nyumba yangu. Ndivyo nilivyomwambia Ruguru."

Mwiti alikuwa anatazama chini ya karatasi, mahali palipoandikwa tarehe. "Hii ni ya mwezi wa tano."

"Ni ya mwezi wa tano."

"Na huyu amezaliwa mwezi wa nane." Akainyoosha karatasi kwa mama yake. "Ulikuwa nayo miezi mitatu, mama. Ulikuwa unangoja nini?"

Makandi alijua jibu. Alikuwa anangoja yeye aje kwanza. Na usoni mwa Mwiti ilionekana kwamba yeye naye alikuwa anangoja hivyohivyo, kama matone mawili ya maji, mama na mtoto wa damu moja.

Mutwiri, aliyekuwa pembeni, akajaribu kutuliza mambo. Akasema hawa bado ni vijana, Mungu atawapa msichana mwingine, na huyo ataitwa Makandi, na kelele zote zitakwisha. Ruguru akageuza uso ukutani. Ednah akaweka beseni chini. Ruguru mwenyewe ndiye alisema, bila kugeuka, kwamba damu ilikataa kukoma siku ile ya kujifungua, na daktari aliondoa kizazi ili aokoe maisha. Hakutakuwa na mwingine.

Mwiti akaketi kwenye ncha ya kitanda, akafunika uso kwa barua. Mabega yake yalitikisika. Ni mama yake aliyemwendea, akamwekea mkono kichwani, akaona kwamba ameanza kuota mvi na hakuwa amejulishwa.

Baadaye Ednah alimchukua mtoto ubavuni pa mama yake, akamletea Makandi kwa mikono miwili. Akasema, kwa aibu, kwamba wanaweza kwenda kuuliza kama jina linabadilishwa, ofisi iko tu hapo karibu. Makandi akatikisa kichwa. Jina likishapewa mtoto ni lake, akasema, halinyang'anywi kama shuka. Akampokea. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na paji la uso lilikuwa la Murungi kabisa.

Kifua kikaanza kubana. Akatoa hewa polepole, hewa yake ikapita juu ya nywele chache za mtoto.

"Ednah," akasema.

Mtoto akafungua jicho moja, akalifunga. Makandi akaliita tena jina hilo, na tena, ili alizoee.